Jibu: Osborne 1 au Epson HX-20, ipi ilitangulia?
Salaam ndugu. Umekwama kwa sababu baadhi ya vitabu vinaitaja Osborne 1 kuwa kompyuta ya kwanza ya kubebeka na vingine Epson HX-20. Angalia kwanza umeme: Osborne 1 ya 1981, yenye takriban kilo 11, ilitegemea umeme wa ukutani, ilhali HX-20, yenye kilo 1.6 na umbo la karatasi ya A4, ilikuwa na betri ya kuchaji, kioo cha mistari 4 ya herufi 20 na, jambo linalonivutia hadi leo, printa yake ndani. Mimi hutenganisha pia kutangazwa na kuuzwa: HX-20 ilitangazwa 1981, ikaenea madukani 1982. Kwa hiyo Osborne 1 ilitangulia kuuzwa; lakini kwa vipakatalishi, yaani kompyuta ndogo za betri (laptop), ningeanza na HX-20.