Kabla ya kuuliza utakula nini, uliza utakula na nani

Vijana wanaoanza kujipikia hapa Nairobi huniuliza swali lilelile: nile nini? Mmoja ameacha ugali, mwingine ameacha sukari, wa tatu anashindia juisi ya kijani kwa sababu ameona video. Siwakatazi. Ila nami huwauliza: chakula hicho kimepitia mikono ya nani, na utakila na nani?

Wazo hili ni la kale. Epicurus, mwanafalsafa Mgiriki aliyefariki mwaka 270 kabla ya Kristo, anasingiziwa mpaka leo kwamba alihubiri ulafi. Kumbe alikuwa akisifu mkate wa shayiri na maji kwa mtu mwenye njaa, na aliwahi kumwomba rafiki ampelekee jibini kidogo ili siku akitaka karamu awe nayo. Seneca wa Roma anamnukuu akishauri kwamba mtu atazame kwanza anakula na kunywa na nani, ndipo atazame anakula na kunywa nini, kwa kuwa kula nyama bila rafiki ni maisha ya simba na mbwa mwitu. Mtu wa Pwani aliyelelewa kwenye sinia moja na ndugu zake hahitaji kufafanuliwa hilo. Wala sisi wa bara, ambao ukitukuta tunakula hatuna budi kukukaribisha.

Basi anzia kwa mama mboga. Chagua mmoja, ukae naye. Huyu ni mtu anayefika Marikiti alfajiri malori yakishusha kabichi na karoti, anachagua kwa mikono yake, anarudi mtaani kabla hujaamka. Anajua mengi ambayo jicho lako haliwezi kuona. Katika jiji hili kuna mboga zinazolimwa kandokando ya mito kwa maji yaliyochanganyika na maji taka, na sukuma ya namna hiyo inaweza kuwa pana na ya kupendeza kuliko ile safi. Ukimuuliza siku ya kwanza, "Mama, hizi zimetoka wapi?" atakupa jibu la biashara. Zoeana naye, mnunulie hata siku ya mvua, msalimie hata siku hununui. Itafika siku atakwambia, "Sukuma ya leo wacha, chukua terere." Mimi naithamini sentensi hiyo kuliko lebo yoyote ya dukani. Na mwezi ukikaza, atakuandika kwenye daftari mpaka mshahara uingie.

Huyo huyo ndiye atakayekufundisha kupika. Managu ni chungu ukiichemsha peke yake. Atakwambia uichanganye na terere, au umalizie kwa maziwa na uiache ilale hadi kesho. Kwa miaka mingi mboga hizi zilidharauliwa mjini kama chakula cha maskini, na waliozihifadhi ni akina mama na nyanya zetu kwa kuendelea tu kuzipanda na kuzipika. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kazi ya Kenya ya kukuza vyakula vya jadi katika rejista yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Nilifurahi sana, maana ujuzi huo bado unauzwa kwa fungu pale kona.

Kwenye unga usilegeze. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu wenye sumu, ile aflatoksini, na mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu hiyo, wengi wao huko Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi. Ukisaga posho, mjue anayekuuzia mahindi, uyashike, uyavunje kwa meno. Yakiwa laini au yana harufu ya uvundo, yaache hapo hapo hata kama bei inakuvutia.

Sasa meza yenyewe. Kazini kwetu yupo mwenzetu wa dini ya Kijaini, anayeishi Parklands. Hali nyama, na pia hali viazi, vitunguu wala karoti, kwa kuwa kung'oa mzizi kunaua mmea pamoja na vidudu vya udongoni. Yupo mwingine wa Majengo ambaye Ramadhani ikiingia hagusi hata maji mchana. Hawa wawili wamenifunza zaidi kuhusu kula kuliko washauri wa mitandaoni. Sheria zao ni ngumu, lakini zina mtu mwingine ndani yake: kiumbe asidhurike, mwenye njaa akumbukwe. Na hazijawahi kutuzuia kukaa pamoja. Mjaini wetu huja na chakula chake tukamsogezea kiti. Jioni ya futari sote tunaalikwa. Ukijiwekea mwiko wowote, upime kwa hilo. Mwiko unaokufanya ukwepe kila harusi na kila mwaliko wa jirani, mimi naona umekugharimu kuliko ulivyokufaa.

Na mchana, acha kula ukiwa umeinamia simu mezani pa kazi. Shuka kibandani, kaeni watatu kwenye benchi, agizeni chapati na madondo.

Kwa mwenye kibarua cha siku uchaguzi ni mfinyu, nalijua hilo, na simlaumu anayemalizia siku kwa chipsi. Maharagwe yanakula gesi. Lakini karibu kila mtaa una mama anayeuza githeri iliyokwisha kuchemshwa, anakupimia kwa kikombe. Unakaanga na kitunguu, nyanya na hoho, umemaliza. La sivyo, ongea na jirani wa ploti. Mchange gesi, mmoja achemshe maharagwe Jumapili, mwingine aunge Jumatatu, na mle katika chumba cha yule aliyepika.