Mama, usilichome kwanza daftari la mwanao

Mama uliyeandika kutoka Himbi, umeuliza kama ulichome daftari la mwanao wa miaka 16, kwa kuwa umekuta ndani yake majina ya wachawi na mazimwi, na kwa kuwa kila Jumamosi hujifungia na wenzake wakirusha dadu zenye pande nyingi. Nakuomba usubiri. Mimi nimeucheza mchezo huo hapa Goma tangu mwaka 2019, na daftari langu la kwanza lilichomwa.

Mchezo wenyewe ni hadithi inayotungwa na watu kadhaa kwa pamoja. Mmoja husimulia njia, mto na adui, na kila mmoja wa wengine hubeba mhusika wake, ambaye nguvu, wepesi na akili yake vimeandikwa kwa namba katika karatasi. Jambo likiwa gumu, dadu ya pande 20 huamua kama amefaulu. Hakuna anayemshinda mwenzake. Mchawi wa daftarini ni sawa na fisi wa hadithi za bibi zetu: anasimuliwa, haabudiwi.

Hofu yako si ngeni. Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na katika miaka ya 1980 baadhi ya wazazi na wahubiri wa huko walidai kwamba unawafundisha vijana kumwabudu shetani na kuwasukuma wajiue. Watafiti walipochunguza hawakuona kwamba mchezo ndio uliosababisha vifo hivyo. Kwetu tuhuma hiyo ni nzito zaidi, maana mtoto akishaitwa mchawi anaweza kufukuzwa nyumbani, ingawa sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemtuhumu hivyo.

Daftari langu lilichomwa na mchungaji mmoja mbele ya mama yangu. Sikujitetea, kwa sababu nina kigugumizi.

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na lava ikaimeza nyumba yetu huko Buhene. Tukakaa kwa mjomba mjini, hadi siku tano baadaye mitaa mingi ilipoamriwa kuhamwa, nasi tukatembea mpaka Sake. Wenzangu wanne wa mchezo walikuwa huko pia. Hatukuwa na dadu, hivyo tulikata vipande 20 vya katoni, tukaviandika namba, tukavitia katika kopo la maziwa. Mhusika wangu alikuwa mjumbe wa mfalme, ambaye kazi yake ni kusema mbele ya baraza, na nilipokuwa yeye maneno yalitoka, si yote, lakini yalitoka. Kwa saa mbili sikuwa mtu aliyepoteza nyumba. Mama, aliyekuwa amelala karibu, aliamka akaketi, kwa sababu hakuwahi kunisikia nikisema kwa muda mrefu hivyo.

Kosa letu lilikuwa kujificha, na hilo ninalikiri. Mwambie mwanao wacheze mlango ukiwa wazi, wamalize kabla ya giza, na masomo yatangulie. Kisha muulize mhusika wake ni nani na kwa nini alimchagua. Mama aliponiuliza hivyo kule Sake, nilichukua karibu robo saa kumjibu, naye alisubiri.