Kaka alikuwa jeshi la Marekani, ameomba fidia ya ulemavu wamemkatalia

SWALI: Shikamoo mhariri. Kaka yangu alishinda green card akaenda Marekani, akajiunga na jeshi lao, akawa dereva wa malori Afghanistan, 2014 akatoka vizuri na makaratasi yake yote. Sasa tuko naye hapa Kikuyu, Dodoma. Masikio yanampigia filimbi, usiku anaweka redio kwenye mto haijashika stesheni yoyote, inakoroma tu hivyo, ndo anapata usingizi. Goti nalo bovu. Aliomba fidia, mwezi wa tatu ikaja barua amekataliwa na yeye anasema ni kwa sababu yuko Bongo. Kwani huwa wanaamuaje? (Mdogo mtu, Kikuyu)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, mpe pole sana kaka. Hilo la Bongo litoeni kichwani, fidia hiyo mstaafu analipwa hata akiishi nje ya Marekani.

Wanaangalia vitu vitatu: ugonjwa upo sasa na daktari kauthibitisha, kuna kitu kilimpata jeshini, halafu, na hapa ndo wengi wanakwama, kuna kinachounganisha hivyo viwili. Goti kuuma leo na kuanguka kwenye lori miaka ile havitoshi, lazima daktari aseme hili limetokana na lile. Ila hawadai uhakika wote jamani, uwezekano ukiwa nusu kwa nusu inatosha, yaani sheria yao inasema ushahidi ukilingana pande zote basi anapewa mwombaji.

Kwa hiyo barua aitoe aisome yote, asiishie kwenye neno kukataliwa, huwa wanaandika walichokubali na walichokosa. Kama kwenye goti kilichokosekana ni hicho kiungo, aende kwa daktari wa mifupa na faili lake la matibabu la jeshini, daktari alisome kwanza, ndo aandike maoni yake na sababu. Cheti cha mistari miwili kwamba goti linauma hakitamsaidia.

Masikio ni tofauti kidogo. Hiyo filimbi anaisikia yeye peke yake, kwa hiyo maelezo yake kwamba ilianza lini nayo ni ushahidi. Na wewe pia ni shahidi! Andika hiyo ya redio kama ulivyoniandikia mimi, lini uliiona mara ya kwanza, anaamka mara ngapi, usiongeze usichokiona. Askari aliyepanda naye lori moja akiandika kuhusu kelele za kule, bora zaidi.

Wakikubali, kila tatizo linapewa asilimia, filimbi ya masikio huwa ni 10. Na hazijumlishwi kama bei za sokoni, mwenye 50 na 30 hapati 80, hesabu yao inatoa 65 halafu wanaipandisha 70.

Muda ndo unanitia wasiwasi. Ana mwaka mmoja kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, akirudisha ombi na ushahidi mpya ndani ya huo mwaka, akishinda malipo yanaweza kuhesabiwa toka alipoomba mwanzo. Ipo pia njia ya kuomba ofisa wa juu apitie upya, lakini huyo hapokei ushahidi mpya, kwa kaka yako naona haifai. Vyama vya wastaafu wa jeshi kule vina watu waliosajiliwa wanaosaidia bure, awatafute hao kabla hajampa mtu yeyote hela. Akirudi jioni muanze na hiyo tarehe kwenye barua.