Mama wa Mermaids hana kosa la kuhama

Mhariri, swali la wiki lilikuwa: je, mama asiyetulia anawaharibu wanawe? Mmetoa mfano wa Mermaids, ile filamu ya mwaka 1990 ambayo Cher anacheza kama Bi Flax. Nadhani swali lingekuwa: akitoka, watoto anamwachia nani?

Kuhama kwenyewe sioni ubaya. Hapa Dar kodi ya miezi sita ikiisha, mwenye nyumba akapandisha, watu wanapakia kirikuu wanatoka Sinza kwenda Mbagala na watoto wanakua vizuri tu. Bi Flax anahama kila mapenzi yakimshinda. Haya. Anawalisha vitafunio, sandwichi zimekatwa umbo la nyota. Haya, wanashiba.

Ila usiku ule wa mtoni! Mama hayupo. Charlotte, binti mkubwa wa miaka 15, anavaa gauni la mama, anakunywa divai, anamnywesha na mdogo wake Kate. Wanakwenda kwenye nyumba ya watawa. Charlotte anapanda mnara wa kengele na Joe, kijana mtunzaji wa nyumba hiyo anayempenda, Kate anabaki chini akiokota mawe kando ya mto. Na huyu Kate ni muogeleaji hodari. Lakini kichwa kikishalewa, uhodari wa kuogelea haumwokoi mtu. Anatumbukia, na watawa ndio wanaomwopoa.

Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kinywa kiko majini, mikono inahangaika kusukuma maji, pumzi ya kuita haipo. Kwa hiyo dada aliye juu asitegemee kumsikia. Wazazi wa Jangwani na Kigogo, jirani na Mto Msimbazi, wanalijua hili kila masika. Na mtoto anayetambaa hahitaji mto, maji kidogo ndani ya ndoo yanatosha kumzamisha. Ndoo zimwagwe au zifunikwe, pipa liwe na mfuniko mzito, na kabla ya kutoka aambiwe jirani mtu mzima, ana kwa ana: "Mama Asha, nakuachia hawa mpaka saa tatu." Dada wa miaka 15 ni msaidizi, mzazi hajawa.

Nilitaka kumtetea Bi Flax, lakini kwa usiku ule siwezi. Charlotte analaumiwa kwa kazi ambayo hakustahili kuachiwa peke yake. Hata hivyo, mama anapotaka kuhama tena baada ya ajali, binti anakataa, naye anakubali kubaki. Wapo akina mama waliokaa mtaa mmoja miaka 20 ambao hawajawahi kumsikiliza binti namna hiyo. Kwa hiyo ndiyo, aliwaharibu, si kwa kuhama bali kwa kuwaacha peke yao, angalau mpaka siku aliyomsikiliza binti.