Chapati 32 Irente: chuma changu kimenitoa kimasomaso

Jumapili iliyopita saa moja asubuhi nilikuwa nimesimama Irente, kule juu Lushoto, upepo unapiga, Mazinde inaonekana chini huko kama imechorwa, na nyuma yangu watu 11 wamejifunika mashuka ya kimasai wanasubiri chapati. Na chapati zikatoka jamani, juu ya chuma changu, kikaango bapa kipana nilichokatiwa na fundi. 32. Laini, zina madoa ya kahawia pande zote mbili, hakuna iliyoungua katikati wala iliyobaki mbichi pembeni. Yakafuata mayai, vitunguu, soseji na viazi tulivyonunua sokoni Lushoto jana yake. Dada mmoja akaniuliza hizi umetoka nazo Dar ukaja kuzipasha? Nikamwambia hapana mamii, unga umekandwa hapahapa jana usiku. Nilisikia raha ambayo sijui hata niielezeje.

Tangu niweke picha kwenye status meseji haziishi, dada nielekeze, dada nami nataka nikienda kempu nipikie watu chakula cha maana siyo kila siku mikate na jam. Najua wengi wenu mnalitaka hilo, kuwa yule mtu ambaye kambi nzima inamtegemea asubuhi. Sasa nitawaelekeza, ila lazima nianze na nilipoumia, kwa sababu kila ninachojua nimekijua kwa kuumia.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa 7, hukohuko Lushoto. Nilikuwa na lile jiko dogo la gesi la kubeba, lile ambalo kopo la gesi linalala pembeni ya moto kwenye kichumba chake. Juu yake nikaweka kikaango bapa kipana cha kempu, kizuri, kipya, kipana kuliko jiko lenyewe. Nikaona nimewin. Chapati ya kwanza nikaitupia chuma hata hakijapata moto vizuri, ikanata. Ya pili katikati ikawa nyeusi kama mkaa na pembeni unga unaonekana mweupe kabisa. Ya tatu iko juu, jiko likalia tak! likazima. Nikawasha, dakika chache, tak! likazima tena. Nikasema gesi imeisha, nikabadilisha kopo, yale yale. Ndo nikashika lile kopo nililotoa, nikaliachia hapohapo, lilikuwa la moto siyo mchezo.

Sikujua wakati ule. Kikaango kikizidi upana kikafunika kile kichumba cha kopo, joto linarudi chini linapiga kopo, presha inapanda, na majiko mengi ya aina ile yana kifaa cha usalama kinachokata gesi yenyewe. Lile tak lilikuwa linaniokoa maisha na mimi nilikuwa nalazimisha kuwasha! Mpaka leo nikikumbuka mwili unasisimka. Tafadhali sana, kama una jiko la aina ile tumia sufuria ndogo isiyofika kwenye kopo, basi, usilifanyie ubishi.

Asubuhi ile watu walikula biskuti. Na kuna mtu mmoja kwenye msafara, jina silitaji, anajijua, alinirekodi nikiwa nimeinama nabandua chapati kwa kisu machozi yananitoka, moshi na hasira vyote pamoja, akatupia kwenye grupu la WhatsApp na maneno "mpishi wetu wa jiji". Wiki nzima watu wanacheka. Nilikaa karibu nusu mwaka sijakanda unga, hata nyumbani.

Kilichonirudisha ni Forodhani. Nilikuwa Unguja kwa shughuli zangu nyingine, jioni nikaenda pale kula kama kila mtu, nikajikuta nimesimama kwa kaka mmoja anayetengeneza Zanzibar pizza karibu saa nzima. Pale ndo utajua kupika nje ni nini. Ana tawa bapa juu ya mkaa, upepo wa bahari unavuma, wateja wanapiga kelele, yeye hana haraka. Donge la unga analitandaza kwa vidole mpaka linakuwa jembamba unaona mkono kwa upande wa pili, anaweka nyama ya kusaga, kitunguu, yai, anakunja kona nne, anaiweka katikati kwenye moto mkali ishike rangi alafu anaisukuma pembeni imalizikie taratibu, na ile ya pembeni anaizungusha. Nikamuuliza kaka kwanini usiziache zote katikati? Akanijibu, chuma kina mahali pa kuchoma na mahali pa kuivisha. Nilirudi hotelini na hiyo sentensi.

Na ndo ukweli wenyewe. Chuma kinapitisha joto polepole kuliko aluminiamu, kwahiyo pale moto unapopiga panawaka na pembeni pamelala. Ukikimbilia kupika kabla joto halijatembea unapata chapati zangu za mwaka ule. Dawa ni muda. Washa moto wa wastani, kaa dakika 10, pika chai pembeni, ongea na watu. Alafu nyunyiza matone ya maji: yakikaa yanachemka palepale bado, yakikimbiakimbia kama shanga chuma kiko moto kweli. Kwa chapati punguza kidogo hapo, tupia punje za unga, zikigeuka nyeusi mara moja subiri kipoe, zikiwa kahawia taratibu anza kazi.

Niliporudi Dar nikaenda eneo la Gerezani kwa mafundi wa kuchomelea, nikamwambia fundi nikatie pleti nyeusi ya chuma ya milimita 4, urefu sentimita 60, upana 35, pinda kingo kidogo, weka mishikio miwili. Pleti peke yake inakaribia kilo 7, ndiyo ni nzito, lakini hakipindi na kinatunza joto ukiweka kitu cha baridi. Angalia usipewe bati lenye zinki lile la rangi ya fedha, likipata moto mkali linatoa moshi mbaya. Mimi na usafiri wa bodaboda ilinitoka kama elfu 50.

Chini yake natumia jiko la plate mbili lenye mpira, mtungi wa kilo 6 unakaa mbali pembeni, na chuma kinalala juu ya mioto yote miwili. Mmoja nauweka mkali mmoja mdogo, napata kuchoma na kuivisha kama yule kaka. Upepo wa Irente naukinga kwa bati lililokunjwa pande tatu, mtungi unabaki nje ya kinga, siku zote nje. Na kabla ya kuwasha mimina kijiko cha maji juu ya chuma uone yanaelekea wapi, tia vijiwe chini ya jiko mpaka yatulie, maana ardhi ya mlimani ikikudanganya mayai yote yanahamia kona moja.

Chuma kipya kioshe, kikaushe, paka mafuta ya alizeti kidogo sana kama unayafuta, choma mpaka kitoe moshi na kiache kutoa, rudia mara tatu nne mpaka kiwe cheusi kinang'aa. Hapo hakinati tena. Ukimaliza kupika kikwangue kikiwa bado cha moto, maji kidogo, kausha juu ya moto, mafuta tena. Nilikilaza na unyevu usiku mmoja tu Kigamboni karibu na bahari, asubuhi kimeota kutu nyekundu chote.

Jambo moja nalisema kwa ukali kabisa. Jumamosi usiku mvua ilinyesha, watu wakaniambia ingiza jiko ndani ya tenti tunywe chai. Nilikataa na nitakataa siku zote, gesi au mkaa ni yaleyale, sumu ya jiko haina harufu wala rangi, unasikia usingizi tu. Ndugu zangu, bora mlale na njaa. Mtu anayekupenda hawezi kukulazimisha, na wewe mpishi usikubali eti kwa sababu unaogopa kuonekana una roho mbaya, kambi nzima iko mikononi mwako.

Yule aliyenirekodi naye alikuwepo Jumapili. Alikula chapati tano, nilizihesabu. Alipomaliza akaja pembeni akaniomba namba ya fundi wa Gerezani, nikampa. Ile video bado ipo kwenye grupu.