Kuchomoa bastola: mshiko kwanza, sekunde baadaye

Wengi wanaoanza kubeba bastola ndani ya nguo, kibali wakiwa nacho, huuliza swali moja: nichomoe kwa sekunde ngapi? Swali hilo lina wakati wake, lakini si mwezi wako wa kwanza wa mazoezi. Mwezi wa kwanza jiulize mkono umeshika wapi kabla bastola haijatoka kwenye ala, yaani mfuko wake wa kubebea, kwa sababu hapo ndipo shabaha inapoharibika.

Mkono usio wa bastola ulikamate shati na kulipandisha hadi kifuani, ulishikilie hapo. Shati lililopandishwa nusu hunasa kwenye mpini. Mkono wa bastola unashuka: nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ikae juu kabisa ya mpini, vidole vitatu vya chini viubane, kidole cha shahada kinyooke nje ya ala. Ukihisi umeshika vibaya, usivute. Achia, anza upya. Anayerekebisha mshiko bastola ikiwa tayari hewani anapoteza muda mwingi kuliko aliouokoa, na risasi yake ya kwanza huenda pembeni.

Kuanzia hapo kazi ni nyepesi. Vuta juu moja kwa moja mpaka mtutu utoke, uelekeze mbele, mikono ikutane karibu na kifua, kisha sukuma kuelekea shabaha. Mkono wa pili usipite mbele ya mtutu hata mara moja. Kidole kinaingia kwenye triga pale tu kilengeo kinapokuwa juu ya shabaha na umeamua kupiga.

Mazoezi haya yafanye bila risasi, nyumbani, dakika kumi kwa siku. Toa magazini (kibebeo cha risasi), fungua slaidi (sehemu ya juu inayovutwa nyuma), tazama chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa) kwa macho na ipapase kwa kidole. Risasi zote ziwe chumba kingine, na ukuta unaoulenga uwe wa kuweza kuzuia risasi. Rudia polepole kiasi cha kuona kila hatua. Vaa nguo unazovaa kweli ukitoka, si fulana nyepesi ya mazoezi tu.

Sasa tuje kwenye sekunde. Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City, Marekani, aliandika kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani mita 6.4 hivi, kwa takriban sekunde moja na nusu. Huo ulikuwa karibu ndio muda wa mpigaji mzuri kuchomoa na kupiga risasi mbili katikati ya shabaha kwa umbali huo. Wapo wanaosoma hilo wakaanza kukurupuka. Mimi naliona kinyume: kama hata aliyefundishwa anabanwa hivyo, anayeanza ajifunze kwanza kuona hatari mapema, kusogea pembeni na kuondoka. Kuchomoa ni njia ya mwisho.

Kwenye uwanja wa shabaha, weka karatasi umbali wa mita tano, piga risasi moja kila unapochomoa. Tumia kipima muda kinacholia, ukijipa muda wa kutosha mpaka risasi zote ziwe ndani ya upana wa kiganja. Punguza muda kidogo kidogo. Zikianza kutawanyika, rudi kwenye muda mrefu wa awali.

Kurudisha bastola kwenye ala hakuna mashindano. Watu hujipiga paja hapo, shati au kamba ya koti inapoingia kwenye triga. Kidole nje, nguo pembeni, tazama ala, ingiza taratibu. Na ala iwe ngumu, inayofunika triga yote.

Ukimaliza mazoezi ya nyumbani, tamka kwa sauti kwamba umemaliza, ondoka chumbani, ndipo ujaze risasi. Marudio ya "moja tu ya mwisho" baada ya kujaza ndiyo yanayotoboa kuta na kuua watu wa ndani ya nyumba. Ukishajaza, bastola haichomolewi tena kwa zoezi siku hiyo.