Kabla ya Kuulizwa Abaki au Ageuze, Mgeni Aambiwe Kuhusu Masika

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ukifika ufukweni kwa mapumziko uliyoyagharimia mwenyewe ukakuta mvua inanyesha, utabaki au utageuza?" Nimelisoma swali hilo mara kadhaa na kila nikilisoma linanichoma, kwa sababu linamtwika mgeni mzigo wote wa uamuzi wakati tayari ameshalipa, ameshavuka bahari na mabegi yake yameshalowa. Ningependa kujibu swali linalotangulia hilo: nyumba ya wageni iliyopo ufukweni Unguja ina haki gani ya kumpokea mtu katikati ya masika bila kumweleza atakachokikuta? Msimamo wangu, ambao nimeutetea mbele ya ndugu na wafanyakazi wenzangu, ni kwamba nyumba hizo zifungwe Aprili na Mei, kama zinavyofanya hoteli nyingi za pwani ya mashariki, zifunguliwe Juni mvua ikishapungua.

Hakuna mwenye nyumba anayeweza kudai kwamba mvua ya Aprili ilimshtukiza. Masika ya Unguja huanza Machi na kuishia Mei, na Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Jua likishavuka ikweta kuelekea kaskazini mnamo Machi 20 hivi, ukanda wa mvua hulifuata; upepo wa kaskazi hulegea, na kabla ule wa kusi haujashika kasi hupita kipindi cha maleleji chenye upepo wa kubadilika-badilika na mawingu mazito. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa masika kabla msimu haujaanza, na redio hurudia hadi mtu akakariri. Anayeuza kitanda cha ufukweni Aprili anajua anachokiuza.

Mnunuzi naye anajua, mtaniambia. Ni kweli, lakini sisi wa bara tunaofanya kazi kwa ratiba ya ofisi hatuna uhuru mkubwa wa kuchagua, kwa kuwa sikukuu zetu zimerundikana humo humo ndani ya mvua. Kuna Siku ya Karume Aprili 7, Muungano Aprili 26, Mei Mosi, na Pasaka yenyewe, ambayo mwaka 2024 iliangukia Machi 31, mwaka 2025 Aprili 20 na mwaka 2026 Aprili 5. Mtalii wa Ulaya anaweza kupanga safari yake Januari au Agosti, ilhali karani wa Dodoma hupewa siku nne za Pasaka na hizo ndizo anazoweza kumpelekea mzazi wake baharini. Ndiyo maana mgeni wa masika mara nyingi ni Mtanzania mwenzetu, na ninaumia kuona kwamba yeye ndiye anayeonekana hastahili kuambiwa ukweli.

Nalisema hili kwa sababu nilimpeleka mama yangu Jambiani, kijiji cha ufukweni Unguja, wakati wa Pasaka. Mama alizaliwa Dodoma, amezeekea huko, na katika umri wake wote alikuwa hajaiona bahari. Niliweka nafasi kwa simu katika nyumba ndogo ya wageni ambayo sitaitaja. Aliyepokea simu nilimuuliza waziwazi habari ya mvua, akanijibu kwamba ni manyunyu ya usiku tu, kukicha jua linawaka, na akanitumia picha za mchanga mweupe na maji ya rangi ya samawati. Hakusema kwamba wahudumu karibu wote walikuwa wamepewa likizo bila malipo hadi Juni, wala kwamba paa la makuti lilikuwa linangoja kuezekwa upya.

Boti ilituvusha salama kutoka Dar es Salaam, mwendo wa saa mbili hivi, na mvua ikatupokea Malindi, mjini Unguja, tukiwa bado kwenye foleni ya kutoka bandarini. Kwenye daladala ya Jambiani mabegi yetu yalifungwa juu ya paa chini ya turubai, na tulipofika msitu wa Jozani miti ilikuwa imefunikwa na giza kama la magharibi, ingawa ilikuwa saa saba mchana. Mama hakulalamika. Alikuwa ameushika mkoba wake mapajani na kila baada ya muda aliniuliza kama bahari imekaribia. Tuliposhuka, barabara ya kuingilia kijijini ilikuwa na madimbwi, na kwa kuwa mama ana shida ya goti, nilimshika mkono tukazunguka kila dimbwi taratibu huku kijana mmoja mwenye huruma akitutangulia na mabegi kichwani.

Tulipiga hodi kwa muda mrefu. Hatimaye alitoka mama mmoja wa makamo, amejifunga kanga ya pili kichwani kujikinga na mvua, akatutazama kwa mshangao ambao hakuweza kuuficha. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akamgeukia mama yangu: "Karibu, mwenzangu, karibu ndani. Lakini mimi sikuambiwa kwamba leo kuna wageni." Yeye ndiye aliyeachwa kuiangalia nyumba. Hakukuwa na mpishi, shuka zilikuwa zimekunjwa na kuhifadhiwa kabatini, na chumba tulicholipia kilikuwa kinavuja mahali pawili, mlangoni na juu ya kitanda kabisa, ambapo godoro lilikuwa limeshaanza kutota. Nilishikwa na hasira ya kweli. Nilitaka kumpigia simu yule aliyenipokelea fedha, na nilipompigia hakupokea.

Yule mama hakupoteza muda kuitetea nyumba wala kuilaumu. Aliusogeza mto, akasimama mahali tone lilipokuwa linaangukia, akainua uso na kulifuatilia tone hilo kwa macho kutoka chini kwenda juu, kwa sababu, alivyotueleza, maji yakishaingia kwenye paa la makuti hayaanguki hapo hapo bali hutambaa kwenye ufito hadi yapate pa kudondokea. Kisha akaleta upondo, yaani mti mrefu, akauingiza polepole kati ya fito mbili karibu na ukuta, mbali kabisa na pale palipokuwa panadondoka, akalinyanyua kuti moja kutoka chini, akalisukuma kuelekea juu mpaka likalala tena juu ya mwenzake. Alinipa upondo niushike ulivyo, akapanda juu ya meza na kulifunga lile kuti kwenye ufito kwa kamba ya usumba, akazungusha mara tatu na kuvuta kwa nguvu zake zote. Tone lilipungua, likawa moja moja, kisha likakoma. "Kuti hili halikutoboka, mwanangu," aliniambia akishuka. "Limehama tu. Upepo huliondoa mahali pake, na nyumba ikikaa bila mtu hakuna wa kuliona mapema." Mlangoni alifanya vivyo hivyo, ila huko ilimchukua muda zaidi kwa kuwa ufito wenyewe ulikuwa umeanza kuoza. Baadaye aliligeuza godoro, akatandika shuka kavu, akatupikia ndizi kwa samaki aliyemnunua kwa jirani.

Katika muda wote huo mama yangu alikuwa amekaa barazani akiitazama bahari. Pasaka huhesabiwa kwa mwezi mpevu, na kwa hiyo wakati mwingine hukutana na bamvua, yaani siku za maji makubwa, au siku zake za karibu. Alasiri ile maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye ukuta wa uwanja, ya kijivu, yakipigwa na mvua iliyokuwa ikinyesha kwa nguvu. Nilikwenda kumwomba radhi kwa niaba ya ile nyumba. Aliniuliza bila kunitazama: "Mvua yote hii inamwagikia kwenye maji?" Nikamjibu kwamba ndiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ingekuwa inaangukia kwetu, mwanangu." Wanaotoka Dodoma, wenye msimu mmoja tu wa mvua ambao mwaka mwingine hukatika mtama ukiwa unachanua, wataelewa kwa nini sikuwa na la kuongeza.

Asubuhi iliyofuata, kwenye saa nne, bahari ilikuwa imekupwa mbali sana, karibu na mwamba, na katika mchanga ule ulioachwa wazi wanawake walikuwa wameinama wakifunga mwani kwenye kamba, mvua ikiwapiga mgongoni. Mama alitaka kuwaona kwa karibu. Tulikwenda hadi walipokuwa wenzao wakikunja mwani ulioanikwa na kuufunika kwa maturubai, na mmoja wao akatuonyesha fungu lililonyeshewa usiku: lilikuwa limepauka na kulainika, na alisema kwamba mnunuzi hatalitaka. Masika huwaumiza mara mbili, kwani jua la kuanikia ni la kubahatisha, na maji baridi ya mvua yakizidi katika kina kifupi hudhoofisha hata mwani ambao bado umo baharini. Nilikuwa nimekuja na malalamiko yangu kuhusu godoro. Kwa wanawake wale Aprili ni mwezi wa kazi, na kazi yenyewe ni ngumu kuliko ya miezi mingine.

Alasiri maji yalirudi, mvua ikawa manyunyu, na mama akaingia baharini na kanga yake hadi magotini, kisha hadi kiunoni, nikimshika mkono. Aliniambia kwamba maji yana joto kuliko mvua, na ni kweli, kwa sababu bahari ya Aprili huwa na joto la nyuzi 28 hivi hata jua lisipoonekana siku nzima. Alikaa humo hadi nikaanza kuhofia mafua. Ikiwa mmetaka kujua kama tulibaki au tuligeuza, tulibaki siku zote tulizopanga.

Nilianza barua hii nikitaka kuandika kwamba nyumba zote zifungwe, na kadiri ninavyoendelea ninaona kwamba hoja hiyo inanishinda. Nyumba za jirani zilikuwa zimefungwa kwa minyororo, na vijana waliokuwa wakihudumu humo walikuwa wamerudi makwao, wengine Pemba, wengine bara, wakingoja kuitwa Juni. Kwao kufunga maana yake ni miezi miwili bila mshahara. Na yule mama alinionyesha jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: paa la makuti lililofungiwa wakati wa mvua halina wa kulitazama, kuti likihama maji yanaingia hadi kwenye makombamoyo, yaani miti inayobeba paa, na mwenye nyumba anafungua Juni akiwa na gharama kubwa kuliko ambayo angeipata kwa kumlipa mtu mmoja abaki.

Isitoshe, hofu yetu ya mvua mara nyingi inaelekezwa pasipostahili. Mvua inamnyima mgeni jua, lakini anayepaswa kuogopwa na msafiri wa baharini ni upepo, na upepo mkali wa kusi huvuma hata katika miezi inayosifiwa kwa ukavu. Boti ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo na mawimbi, katika mwezi ambao matangazo ya utalii huuita mzuri. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, hiyo ndiyo ya kumfanya mtu aahirishe safari, iwe ni Aprili au Julai.

Kwa hiyo nabadili msimamo, ingawa si bila masharti. Nyumba zibaki wazi wakati wa masika kwa wanaotaka kuja, bei ipunguzwe kama baadhi zinavyofanya, na anayepokea simu aseme mambo manne bila kuulizwa: kwamba huenda mvua ikanyesha mchana kutwa, paa lilikaguliwa lini, nani yupo wa kupika, na barabara ya kuingilia inapitika namna gani kwa mzee asiyeweza kuruka madimbwi. Aseme pia ni safari zipi za boti zinazoweza kuvunjwa, kwa maana mtu aliyekuja kupiga mbizi kwenye kisiwa cha Mnemba hatafarijika kwa kuonyeshwa kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, huko Jozani. Mwenye siku mbili tu na asiyetaka kingine ila kuogelea na kuota jua, ningemshauri angoje Septemba, au aombe ruhusa Januari. Mwenye mtoto mchanga pia angoje, kwa sababu ya mbu na nguo zisizokauka.

Lakini mimi, nikipata nyumba ambayo mwenyewe ananiambia kweli kwenye simu na ambayo imemwacha mtu anayejua paa lake, nitampeleka mama tena Aprili. Mei sina uhakika nayo, kwa kuwa kusi huwa imeshaanza kuvuma na goti la mama halipendi ngazi za boti inayoyumba.